Chupa ya kijani: nilivyojifunza kunywa soju Busan

Chupa yangu ya kwanza ya soju, kilevi cha Kikorea, niliichagua kwa picha. Ilikuwa Machi, nina wiki moja tu Busan, mji wa bandari wa Korea Kusini, na baridi ilikuwa bado haijaachia. Chini ya bweni letu kulikuwa na duka dogo la aina ile isiyofungwa usiku wala mchana, Wakorea wanaliita pyeonuijeom, na ndani yake friji nzima imejaa chupa za kijani zinazofanana kama mapacha. Herufi za Kikorea nilikuwa sijazijua. Nikachukua yenye picha ya zabibu za kijani, kwa kuwa zabibu nilizielewa. Muuzaji akaomba kitambulisho, nikalipa kama won 2,000, nikapanda chumbani.

Niliinywa peke yangu, kwenye kikombe cha chai, na pakiti ya biskuti. Ilikuwa tamu kama juisi. Haikuwasha koo, haikunuka, haikunipa ishara yoyote kwamba nakunywa kilevi. Ilipoisha nikashuka kuchukua ya pili. Asubuhi yake nilikuwa na kikao cha kwanza na profesa wangu saa tatu kamili. Nilifika saa nne na nusu, macho mekundu, kichwa kinagonga. Hakunifokea. Alinitazama, akanisogezea glasi ya maji, kisha akaendelea kusoma karatasi zake. Aibu ya asubuhi ile ninayo mpaka leo.

Naandika haya kwa sababu soju sasa imefika kwetu Tanzania. Watu wameiona mara elfu kwenye tamthilia za Kikorea, wahusika wamekaa chini ya turubai la rangi ya machungwa wanamiminiana, na sasa wanaikuta dukani na wanataka kujua ilivyo. Wengi wanaanzia pale pale nilipoanzia mimi, kwenye chupa yenye tunda.

Baadaye nilikaa nikapiga hesabu. Chupa ya kawaida ya soju ni mililita 360. Zile za matunda huwa na kilevi kama asilimia 13. Chupa mbili ni mililita 93 na ushee za kilevi kitupu. Robo lita ya Konyagi, yenye asilimia 35, ina kama 87. Kwa hiyo usiku ule nilikunywa zaidi ya robo ya Konyagi, kwa muda usiozidi saa moja na nusu, juu ya biskuti. Ningeletewa Konyagi ningeiheshimu, ningeichanganya, ningekula kwanza. Sukari ndiyo iliyoniondolea ile heshima.

Siku nane hivi baada ya hapo maabara yetu ilikuwa na hoesik, yaani mlo wa pamoja wa watu wa kazi moja. Tulikwenda mkahawa wa kuchoma nyama karibu na chuo. Nyama yenyewe samgyeopsal, vipande vinene vya ubavu wa nguruwe. Mtu wa Dar angesema kitimoto bila kufikiri mara mbili. Jiko liko katikati ya meza, nyama inachomwa mbele yenu, inakatwa kwa mkasi. Mwanafunzi aliyenitangulia miaka mitatu, sunbae wangu, ndiye aliyeketi pembeni yangu. Akaifungua chupa, akaishika kwa mikono miwili, akanitazama, akasubiri.

Nilielewa papo hapo. Nikanyanyua glasi yangu ndogo kwa mikono miwili. Akacheka kwa furaha, akaniuliza nani kanifundisha.

Nimezaliwa Kibosho, kwenye mlima Kilimanjaro. Kwetu mbege, pombe ya ndizi, hainywewi hovyo. Ndizi zimepikwa, ulezi umeoteshwa na kusagwa, magome ya msesewe yametia uchungu wake, siku zimehesabiwa. Na ikifika saa ya kunywa, mwenye pombe anaonja kwanza watu waone, kisha kata inakwenda kwa mzee. Mtoto ukipewa kitu na mkubwa unapokea kwa mikono miwili, au mkono wa kulia huku wa kushoto umeshika kiwiko. Hakuna aliyenifundisha Korea. Alinifundisha bibi yangu, mlimani, kabla sijajua kama kuna nchi inayoitwa Korea. Nilikuwa na wiki mbili na ushee sijajisikia nyumbani popote, na hapo, kwenye moshi wa kitimoto, nikajisikia.

Mengine niliyajifunza meza ile ile. Hujimiminii mwenyewe, unamwangalia jirani, na glasi yake ikiwa tupu unammiminia, naye anakuangalia wewe. Hujazi glasi ambayo bado ina kinywaji. Mbele ya mkubwa unageuza uso pembeni unapokunywa, na unaweza kufunika mdomo kwa mkono. Mtu akisema geonbae, maana yake glasi ikauke, lakini si sheria kwamba lazima uikaushe kila mara. Hilo la mwisho ningependa kila anayeanza alijue mapema, kwa sababu limeniokoa. Kwa kuwa glasi haijazwi mpaka iishe, anayetaka kupumzika anaiacha nusu. Anaigusisha midomo, anarudisha mezani. Hakuna aliyenilazimisha.

Katika darasa letu alikuwepo pia kijana wa Unguja, tumekuja kwa mpango mmoja wa masomo ya uvuvi. Yeye hanywi. Glasi yake ilijazwa saida, soda nyeupe ya Kikorea inayokaribia ladha ya Sprite, kwa mikono miwili vile vile, naye akammiminia profesa soju kwa mikono miwili. Akaletewa samaki wa kuchoma badala ya nyama. Kila glasi zilipogongana ya kwake ilikuwemo. Nimewahi kusikia watu wakisema usipokunywa Korea huwezi kupata marafiki. Yule ndugu alikuwa na marafiki kuliko sisi sote.

Sasa nirudi kwenye chupa. Usiku ule wa samgyeopsal tulikunywa soju isiyo na tunda, na nilishangaa. Ukiionja yenyewe, toti ya kwanza, haina mengi ya kukuambia: ni ya baridi, laini, ina utamu mdogo nyuma ya ulimi, na harufu ya spiriti inayopita puani kisha inatoweka. Ningeionja chumbani na biskuti ningesema haina maana. Lakini nilipokula kipande cha nyama yenye mafuta kilichofungwa kwenye jani pamoja na kitunguu saumu na ssamjang, rojo nzito ya soya na pilipili, kisha nikanywa, mafuta yote yakasafika kinywani na ulimi ukataka kipande kingine. Nikaelewa kwamba soju ile imetengenezwa ikae pembeni ya chakula. Wakorea wana neno zima kwa chakula kinachosindikiza kilevi, anju, na mtu akiagiza chupa bila anju mhudumu anashangaa. Kwa hiyo mtu akiniuliza anunue soju gani, namuuliza kwanza atakula nini.

Kwa anayeanza nasema chukua ya kawaida, ya asilimia 16 hivi, iwe ya baridi sana, na sahani ya kitu chenye mafuta au pilipili. Chamisul, Chum Churum, Jinro ya chupa ya rangi ya maji, Saero iliyotoka 2022 bila sukari: tofauti zake zipo ila ni ndogo, na mgeni hatazitambua mwezi wa kwanza. Soma namba kwenye lebo kabla ya jina, maana Chamisul yenye kifuniko chekundu inapita 20, na Hallasan ya kisiwa cha Jeju ina 21. Ukitaka ya tunda, inywe kama unavyokunywa pombe: toti moja moja, na chakula. Binafsi siipendi tena. Naona tunda linaficha kilevi bila kuleta ladha ya tunda lenyewe.

Busan, hata hivyo, watu wana yao. Ukiingia mkahawa wa mtaani utasikia mtu anaagiza Daesun, au C1, za kiwanda cha hapa hapa mjini. Niliuliza kwa nini kila mkoa una chupa yake, na profesa wangu, ambaye tayari tulikuwa tumezoeana, alinieleza. Miaka ya 1970 serikali ilipunguza viwanda hadi kila mkoa ukabaki na kimoja, na ikawalazimu wauzaji wa jumla kununua nusu ya soju yao kutoka kiwanda cha mkoa wao. Mahakama ya Katiba iliifuta amri hiyo mwaka 1996. Amri ilikufa lakini mazoea hayakufa. Yeye mwenyewe akiwa Seoul anakunywa chochote, akishuka Busan anataka Daesun. Akaniambia vile vile kwamba ujana wake soju ilikuwa na asilimia 25. Chamisul ilipoanza 1998 ilikuwa na 23, na zimeendelea kushuka mpaka 16 za leo. Ndiyo maana mzee wa Kikorea akikusimulia alivyokunywa chupa tatu, au tamthilia ya zamani ikikuonyesha mtu anakunja uso baada ya toti moja, ujue hakuwa anakunywa kitu hiki tunachonunua sisi.

Mahali nilipoipenda kabisa ni Jagalchi, soko la samaki la bandarini. Mimi kazi yangu ni samaki. Kabla ya kuja huku nilikuwa Mwanza, sangara na dagaa, na nilidhani najua soko la samaki. Pale Jagalchi samaki wako hai ndani ya matangi, kina mama wenye buti na aproni za mpira wanaita wateja, unachagua gayogayo anayeogelea, anakatwa mbele yako, kisha unapanda ghorofani kula. Unakula mbichi. Nilipata shida, sitaficha. Mtu wa Kibosho aliyefanya kazi Mwanza hana njia ya kuzoea samaki mbichi kwa siku moja. Sunbae alinifungia kipande kwenye jani, akapaka mchuzi wa pilipili na siki, akanimiminia Daesun ya baridi iliyofanya chupa itoke jasho. Akasema tafuna taratibu, kisha kunywa.

Nyama ya gayogayo ni nyeupe, inakaza kidogo menoni, utamu wake unakuja polepole ukitafuna. Bia ingeuzika utamu huo. Divai sijui. Soju iliupitia juu kama maji safi na kuuacha. Tulikaa saa tatu nzima kwa chupa mbili, watu watatu. Mwishoni mifupa na kichwa vikaja vimechemshwa supu kali ya pilipili, maeuntang. Mama mwenye mkahawa tulimwita imo, yaani mama mdogo, ndivyo wanavyowaita, na alipoona nimemaliza kichwa chote cha samaki mpaka mashavu aliniongezea wali bila kulipisha.

Kila chupa ina toti saba hivi. Wenyewe wanasema ndiyo sababu haitoshi: mkiwa wawili inabaki moja, mkiwa watatu inabaki moja, mkiwa wanne inapungua moja, basi mnaagiza nyingine. Mimi naitumia hesabu hiyo kinyume. Najua toti zangu ni nne, na nikifika ya nne naiacha imejaa mbele yangu mpaka mwisho. Na kuna somaek, soju iliyotiwa ndani ya bia, kawaida sehemu tatu kwa saba. Inashuka kirahisi mno. Nimeinywa mara mbili na sina hamu ya ya tatu, kwa sababu sikuweza tena kuhesabu toti zangu.

Kilichonitatiza muda mrefu ni swali la soju yenyewe inatoka wapi. Lebo ya chupa ya kijani inaonyesha spiriti, maji na vitia utamu. Spiriti hiyo hutengenezwa viwandani kwa viazi vitamu, mchele, shayiri, na mihogo inayotoka nje; inakenekwa mpaka inakaribia kuwa kilevi kitupu, kisha inatiwa maji. Haikuwa hivyo tangu mwanzo. Soju ya asili ni wali uliochachushwa kwa nuruk, chachu ya ngano, halafu ukakenekwa taratibu. Mwaka 1965 nchi ilikuwa na upungufu wa mchele, na serikali ikapiga marufuku kuutumia kutengenezea soju. Viwanda vikahamia kwenye spiriti ya viazi na mihogo. Marufuku ilidumu hadi miaka ya 1990, na kufikia hapo vizazi viwili vilikuwa vimekua vikijua soju ni hiyo tu.

Nilitaka kuionja ile nyingine. Mapumziko ya vuli nikapanda basi kwenda Andong, mji wa bara kaskazini mwa Busan, wenye soju yake ya asilimia 45. Kuna makumbusho pale ya soju na vyakula vya jadi. Nilisimama muda mrefu mbele ya sojugori, chungu cha kukenekea: kama vyungu viwili vilivyobebana, kiuno chembamba katikati, na mrija mfupi ubavuni. Mvuke unapanda, unagusa baridi ya maji juu, unageuka matone, matone yanatoka mrijani. Ufundi huo uliingia Korea karne ya 13 na Wamongolia, nao waliupata kwa watu wa Uajemi na Uarabuni. Mji wa Kaesong waliita soju arakju, kutokana na arak, neno la Kiarabu lenye maana ya jasho. Nikafikiria mapipa ya gongo niliyoyaona utotoni yamefichwa migombani, mrija unapita kwenye maji, matone yanadondoka chupani, na mtu amekaa juu akilinda asije mgambo. Ni jasho lile lile. Tofauti ni kwamba ya Andong mkoa uliitambua mwaka 1987 kama urithi wa utamaduni, na baadaye wakapewa nafasi ya kuifanya mchana, kwa usafi. Kwetu mtu bado anaumia kwa gongo iliyopikwa gizani na asiyejua anachokipima, na hilo linaniuma.

Jioni nilikula samaki wa Andong, kibua cha chumvi. Mji uko mbali na bahari, kwa hiyo zamani wachukuzi waliwabeba vibua kutoka pwani ya Yeongdeok na kuwatia chumvi njiani wasioze, na chumvi ile ikawa ndiyo ladha. Nilimtumia picha ndugu yangu wa Unguja, akanijibu neno moja: ng'onda, yaani samaki wa chumvi aliyekaushwa. Toti ya soju ya Andong niliinywa kwa midomo tu. Inachoma, ndiyo, lakini moto wake una harufu ya wali uliopikwa, kama ukoko chini ya sufuria, na unakaa kifuani muda mrefu. Hii hainywewi kwa kukausha glasi. Kichupa kidogo watu wanne wanakimaliza kwa usiku mzima. Anayetaka kuifikia kwa ngazi apitie Hwayo ya asilimia 25, nayo ni ya mchele, na haimshtui mtu.

Asubuhi ya kesho yake, kama umezidisha, Busan ina dwaeji gukbap, supu nyeupe ya mifupa ya nguruwe yenye wali ndani. Mtu wa Tanzania atajua la kufanya nayo. Ni kuzimua kwa supu, kama makongoro. Halafu rudisha chupa dukani. Kila moja wanakulipa won 100, na mimi niliyekulia kwenye kreti na chupa tupu nilifurahi kuona kwamba nchi tajiri hivi bado inathamini chupa tupu.

Desemba nilirudi nyumbani kwa wiki tatu, na soju moja ya Andong ndani ya begi, imezungushiwa soksi. Baba ana miaka 71. Jioni tulikaa nje, mama ameleta ndizi za kuchoma na nyama. Nikaonja mimi kwanza, kama kwetu. Kisha nikammiminia kwa mikono miwili, kama kwao na kwetu. Akanimiminia na mimi, na nilipokunywa nikageuza uso. Akaniuliza kwa nini namficha uso, kuna nini. Nikamweleza kwamba huko kijana hanywi akimkodolea macho mkubwa. Akanyamaza, akaitazama glasi, akanywa kidogo, akasema, "Hawa watu wamelelewa."

Akaniuliza bei, nikamwambia, akaifunga chupa pale pale. Ilikuwa imebaki zaidi ya nusu. Aliifungia kabatini kusubiri Krismasi, kaka zangu wapande kutoka Dar, na kila siku hadi walipofika alinikumbusha nisisahau kuwafundisha namna ya kushika glasi.